Kiyoyozi na Kitalu cha Kwanza

Siku ile Kiyoyozi hakuingia hotelini kutafuta elimu. Aliingia kujificha. Alikuwa ameuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, jambo la kawaida katika kazi yake, ila safari hii wanunuzi wote walipatwa na hamu ya kwenda kukitazama asubuhi moja. Wakakutana palepale, kila mmoja na kamba yake ya kupimia. Mmoja wao alikuwa muuza nyama. Habari hizo zilimfikia Kiyoyozi kwa simu akiwa mbele ya hoteli kubwa yenye milango ya vioo inayofunguka yenyewe, naye akaona ni utovu wa adabu kuukataa mlango unaokufungukia bila kuuomba.

Jina la Kiyoyozi alipewa na watu aliowatapeli, na wala hawakumpa kwa chuki. Walisema ukikaa naye kidogo, hata kama umekuja na hasira za kuchemshia maji, utapoa. Ukishapoa, unatia sahihi. Alikuwa mwembamba, mwenye suti moja ya kijivu iliyotunzwa kuliko watoto wengi wanavyotunzwa, na sauti ya mtu anayekwambia jambo kwa sababu tu ni wewe.

Ndani ya hoteli palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na juu yake bango: KONGAMANO LA WANAZUONI NA WENYE VIWANDA KUHUSU BLOKCHENI NA DAFTARI SAMBAZI. Kiyoyozi alilisoma mara mbili. Maneno aliyoyaelewa yalikuwa "wenye viwanda".

"Karibu, baba," akasema binti wa mapokezi. "Jina lako tafadhali?"

Kiyoyozi hakutaja jina. Mtu wa kazi yake hatoi jina la kweli hata akiulizwa na daktari, na halitoi la uongo kabla ya kujua ni lipi linalohitajika. Alivitupia macho vitambulisho vya shingoni vilivyobaki mezani, akakinyooshea kidole kimoja kilichokaa peke yake pembeni, kimeandikwa MSHAURI WA KIMATAIFA kwa herufi kubwa, na chini yake jina refu ambalo hakulisumbukia.

"Huyo ndiye mimi," akasema kwa unyonge, kama mtu aliyechoka kuwa yeye.

"Tuliambiwa ndege yako imechelewa."

"Imechelewa, mwanangu. Ndiyo maana sikuipanda."

Binti akamvika kitambulisho, akampa na begi la kitambaa lenye kalamu na chupa ya maji. Kiyoyozi akaingia ukumbini, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kama ilivyo desturi ya wanaofika popote pale bila kualikwa.

Jukwaani alikuwa amesimama Profesa, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, anayezungumza kwa furaha ya mtu ambaye hajasikilizwa nyumbani kwa muda mrefu. Alikuwa akieleza daftari sambazi ni nini.

"Chukulieni kikundi cha kina mama wa kuweka akiba," alisema. "Zamani katibu mmoja ndiye aliyeshika daftari. Akitaka kuiba, anafuta mstari, basi. Sasa fikirini kila mwanachama ana nakala yake, na hakuna jambo linaloandikwa bila kuandikwa kwenye nakala zote. Ukidanganya kwenye yako, za wenzako zitakusuta. Kila ukurasa umefungwa na ule uliotangulia. Ukurasa huo ndio tunaouita kitalu. Kitalu kinashika kitalu, mpaka unapata mnyororo."

Kiyoyozi alihisi baridi mgongoni. Kama alivyomwelewa, wasomi hawa walikuwa wamekutana mchana kweupe, tena kwa chai ya bure, kupanga jinsi ya kuua riziki za watu. Dunia ambayo kila mtu ana nakala, mtu kama yeye atakula wapi? Nusura anyanyuke kwenda kukutana na muuza nyama, afe angali na heshima yake.

Lakini kabla hajanyanyuka aliwatazama watu. Kuwatazama watu ndiyo shule pekee aliyowahi kuimaliza. Ukumbi mzima ulikuwa unatikisa vichwa kukubali. Profesa akisema neno gumu, vichwa vinatikisika zaidi. Akinyamaza kunywa maji, vichwa vinatulia, na macho yanahangaika kama ya kuku waliomwagiwa mahindi gizani. Aliyetikisa kichwa kuliko wote alikuwa bwana mmoja mnene wa safu ya mbele, mwenye saa ya dhahabu na kitambulisho kilichosomeka MKURUGENZI, MAGODORO. Kila mara alikuwa akichungulia daftari la jirani yake ili aone kama kuna la kuandika.

"Hawajui," Kiyoyozi akajisemea moyoni, na baridi ikamtoka mgongoni. "Hawajui, na hakuna mwenye ubavu wa kuuliza."

Kisha likamrudia neno moja alilolisikia: kitalu. Miaka yote alikuwa akiuza viwanja vyenye kasoro hii na ile, chenye mfereji, chenye kaburi, chenye mwenyewe. Hapa palikuwa na kitalu kisicho na mipaka ya kupimwa kwa kamba, ambacho mnunuzi hawezi kwenda kukitazama asubuhi na mke wake.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilimuuma. Kiwanja alichokiuza mara tatu kilikuwa uwanja wa nyuma wa nyumba ya shangazi yake, pale anapoanika nguo. Shangazi ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kazi. Alitaka apate fedha za kutosha awarudishie wale watatu kabla bibi huyo hajajua, maana alizokuwa nazo mfuko wa ndani zilikuwa zimeshapungua; viatu vya ngozi havinunuliwi kwa maneno, ingawa alijaribu.

Akatoka ukumbini, akampigia simu.

"Shangazi, vaa lile gauni la zambarau uje hotelini."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Wewe ni mjane wa mwenye migodi."

Shangazi alikuwa amestaafu utapeli kama walimu wanavyostaafu ualimu: akiitwa kusahihisha mitihani, anakwenda.

"Huko nyumbani kwema?" Kiyoyozi akauliza.

"Kwema," akasema Shangazi. "Nilikuwa na wageni, wameondoka. Nakuja."

Aliporudi ukumbini, ulikuwa wakati wa maswali. Kiyoyozi akanyoosha mkono, akaletewa kipaza sauti.

"Profesa, mimi huko nitokako tunazungumza mambo haya kwa lugha nyingine, nisahihishe nikikosea. Ni kweli kwamba vitalu vyote, hata viwe milioni, vinakiegemea kitalu cha kwanza?"

"Naam, kabisa," akasema Profesa, akifurahi kuulizwa. "Bila kitalu cha kwanza hakuna mnyororo."

"Na hakiwezi kubadilishwa na mtu yeyote, milele?"

"Hakiwezi. Swali zuri sana."

"Ahsante. Sina zaidi."

Akakaa. Katika safu ya mbele, shingo nene ya Mkurugenzi iligeuka polepole kumtafuta aliyeuliza. Kiyoyozi akajitia kusoma kalamu yake.

Wakati wa chai alisimama peke yake karibu na dirisha, simu sikioni, akizungumza kwa ile sauti ya chini inayosikika vizuri kuliko kelele. "Hapana, mheshimiwa. Kitalu cha kwanza hakiuzwi kwa mtu wa viwanda. Hawa ni watu wa magodoro, watakitia uchafu." Alipogeuka, Mkurugenzi alikuwa nyuma yake ameshika kikombe.

"Samahani, Mshauri. Nimesikia bila kukusudia."

"Umesikia nini?"

"Magodoro."

Kiyoyozi akahuzunika. Alijua kuhuzunika. Alieleza, kwa shingo upande na huku akitazama mlango, kwamba mnyororo mkuu wa nchi nzima unakaribia kuanzishwa, kwamba kila muamala wa kila benki, kila shamba na kila ndoa utaegemea kitalu cha kwanza, na kwamba mwenye kitalu hicho atapata ushuru kidogo kwa kila kinachopita juu yake.

"Kama daraja," akasema Mkurugenzi.

"Mimi sikusema daraja. Wewe ndiye uliyesema. Una akili ya haraka, na hiyo ndiyo shida. Kitalu hiki kimeshaahidiwa kwa mama mmoja mjane."

Mjane mwenyewe akaingia wakati huohuo, gauni la zambarau likifagia sakafu, mkoba mkononi, uso wa mtu ambaye hata chai ya hoteli kubwa inamdhalilisha. Alimpa Mkurugenzi ncha za vidole.

"Huyu ni nani?"

"Ni bwana wa magodoro, mama. Anataka kitalu chako."

"Marehemu mume wangu aliniambia, ukiona mtu anataka chako, ujue ni kizuri." Shangazi akamtazama Mkurugenzi kuanzia viatu hadi utosi, bila haraka, kama mtu anayechagua kuku sokoni. "Unatengeneza magodoro ya nini, baba?"

"Ya sponji, mama. Na ya pamba."

"Yananunuliwa?"

Mkurugenzi akakohoa, akasema soko lina changamoto zake.

Basi Shangazi akataka chakula cha mchana wakae meza moja, wajadiliane kistaarabu kama wapinzani wenye malezi. Kiyoyozi akawaacha wakae wawili. Hiyo ilikuwa mbinu ya zamani waliyoitumia mara nyingi: mpinzani wa uongo anampandisha mnunuzi wa kweli mpaka asikie kizunguzungu. Kutoka meza ya mbali, mdomo umejaa wali, aliwaona. Shangazi anazungumza, Mkurugenzi anasikiliza. Mkurugenzi anaweka kijiko chini. Anafuta macho kwa kitambaa cha meza. Shangazi anampigapiga begani. Kiyoyozi aliona fahari mpaka akaongeza nyama. Mwanamke yule alikuwa hodari. Alikuwa amemfikisha mtu wa magodoro kulilia kitalu.

Baada ya chakula Mkurugenzi alimwita kwenye viti vya ngozi vya mapokezi. Shangazi alikuwa ameketi pembeni, anajipepea kwa ratiba ya kongamano.

"Mama amekubali kuniachia," akasema Mkurugenzi. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imetulia. "Nitakulipa kwa njia utakayochagua mwenyewe. Ya kwanza, fedha taslimu. Si nyingi, ni hizi nilizo nazo." Akaonyesha bahasha ya wastani. "Ya pili, Sarafu ya Usingizi."

"Sarafu ya nini?"

"Ya kampuni yangu. Ya kidijitali. Kila sarafu imesimama juu ya godoro." Akamfungulia simu. Palikuwa na mstari wa kijani unaopanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, na mwisho wa mstari tarakimu ambayo Kiyoyozi alilazimika kuisoma kutoka kulia kwenda kushoto ili aamini. "Ila sidhani kama utaitaka. Wenye pochi ya daraja la juu ndio wanaoruhusiwa kuipokea, na pochi hiyo inafunguliwa kwa dhamana. Wengi hawana uwezo huo. Si aibu."

Maneno "si aibu" yalimchoma Kiyoyozi mahali ambapo suti haikumfunika.

"Mimi ningechukua kinachoshikika," akasema Shangazi, akiendelea kujipepea. "Lakini mimi ni mjane tu, sijui mambo."

Kiyoyozi akamtazama kwa jicho la kumnyamazisha. Alidhani uzee umeanza kumpiga chenga. Bahasha ile ingewalipa wanunuzi wake na kubaki na nauli. Mstari ule wa kijani ungewanunua wanunuzi wenyewe, na bucha juu.

"Dhamana inarudi?" akauliza.

"Inarudi kwa mwenyewe," akasema Mkurugenzi. "Leo hiihii. Naapa."

Mtu mwenye macho angeona kwamba Mkurugenzi alisema neno hilo bila kumtazama yeye. Kiyoyozi hakuona. Alitia mkono mfuko wa ndani akatoa fedha zote za viwanja, akazikabidhi kwa ishara ya mtu anayetoa sadaka ndogo. Mkurugenzi akabonyezabonyeza, simu ya Kiyoyozi ikalia, na ndani yake ikaonekana tarakimu ileile ndefu, na chini yake neno la upole: INASUBIRI. Naye Kiyoyozi akaandika nyuma ya ratiba, kwa mwandiko mzuri, kwamba kitalu cha kwanza na haki zake zote ni mali ya mwenye magodoro. Wakapeana mikono. Mkurugenzi akaenda zake. Shangazi akasema anakwenda msalani.

Kiyoyozi akakaa kusubiri. Alitazama simu, akaizima, akaiwasha. INASUBIRI. Alisogea karibu na dirisha, labda mtandao. Alisimama mlangoni, milango ikawa inafunguka na kufungika bila mpango. Kongamano likaendelea na mada yake ya mwisho, watu wakapiga makofi, na Shangazi hajarudi. Polepole kitu kikaanza kumwingia, kitu asichokijua jina lake, maana siku zote alikuwa akikiacha kwa wengine na kuondoka.

Akamfuata Profesa, aliyekuwa akikunja waya za projekta.

"Profesa, nisaidie. Sarafu hii naiuzaje?"

Profesa akavaa miwani, akaitazama simu kwa makini na kwa upendo. "Inavutia," akasema. "Daftari lake liko wazi kabisa. Tazama hapa, unaweza kuona wamiliki wote."

"Wako wangapi?"

"Mmoja."

"Nani?"

"Wewe."

Kiyoyozi akagusa kioo cha simu. "Na huu mstari unaopanda?"

"Huu ni picha. Nzuri. Kuuza, itabidi apatikane mtu mwingine anayeitaka."

"Yupo?"

Profesa alikuwa mtu mwaminifu, hakupenda kusema zaidi ya anachokijua. "Kitaaluma, hatuwezi kusema hayupo," akajibu. "Utafiti unaendelea."

Kiyoyozi alirudi nyumbani kwa miguu, akipita njia za uchochoroni. Njiani alipanga maneno ya kumwambia shangazi yake: kwamba wametapeliwa, kwamba dunia imeharibika, kwamba hata wakurugenzi siku hizi hawana haya. Na lile la kiwanja, angelisema mwisho, akishamwona ana huruma.

Alipokunja kona alimwona fundi cherehani, mnunuzi wake wa pili, akija na godoro jipya kichwani. Kiyoyozi akajibana ukutani. Fundi akampita, akamwambia "Habari za jioni" kwa amani kabisa, akaenda zake. Nyuma yake alikuja dereva wa teksi, mnunuzi wa tatu, naye na godoro.

Uwanjani, chini ya kamba za nguo, muuza nyama alikuwa ameketi juu ya godoro ambalo bado lina nailoni, anakunywa chai. Shangazi alikuwa juu ya kigoda, ameshavua gauni la zambarau na kujifunga khanga.

"Kaa," akamwambia.

Kiyoyozi akakaa chini.

"Umeuza uwanja wangu mara tatu."

"Mbili na nusu, Shangazi. Dereva hajamaliza kulipa."

"Walikuwa hapa asubuhi, na kamba. Uliponipigia simu nikakwambia wageni wameondoka, nilikuwa bado nawamiminia chai." Hakuipandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Nikasema, huyu ananiita nimsaidie, basi nitamsaidia. Yule bwana nimemwambia kwenye wali kwamba kitalu hakipo. Amelia. Ghala lake limejaa magodoro mpaka dari, hakuna anayenunua, vijana wakampa akili ya sarafu, nayo haikununuliwa na mtu. Nikamwambia ninaye mteja."

"Mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana nikakuwekea bahasha yangu mezani. Ungechukua bahasha, ningenyamaza." Akamwongezea muuza nyama chai. "Dhamana imerudi kwa wenyewe, kama alivyoapa. Pale palipopungua, bwana amejazia godoro kila mmoja. Palipungua, mwanangu. Hivyo viatu ni vya ngozi?"

Kiyoyozi akavivuta viatu ndani ya kivuli. Kwa kweli, pamoja na uchungu wote, alikuwa akiona uzuri wa kazi ile, kama fundi anavyouona ukuta ulionyooka hata kama umejengwa kumzibia njia. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo yamekwisha."

"Yamekwisha kwa upande wa uwanja," akasema Shangazi. "Hawa waungwana walitaka twende polisi. Nikawaomba. Wakasema sawa, mradi uwe mahali pa kujulikana, kila siku, wanapoweza kukuona. Ndipo yule bwana wa magodoro, alipokuja hapa kushusha mzigo, akasema neno la maana kuliko yote niliyoyasikia huko kwenu. Amesema, mtu aliyekaribia kuniuzia kitalu kisichokuwepo, atashindwaje kuuza godoro lililopo?"

Kiyoyozi hakuelewa mara moja. Alielewa kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

"Shangazi," akasema, "unamaanisha kazi?"

"Dukani kwake. Unaanza kesho asubuhi."

"Ya mshahara?"

"Ya mshahara. Nitaupokea mimi."

Katika ukoo wao walikuwapo waliofungwa, waliokimbia na mmoja aliyeoa mara mbili siku moja, lakini hakuna aliyewahi kupatwa na jambo kama hili. Kiyoyozi akamgeukia muuza nyama, akitumaini walau huyo atasisitiza polisi.

Muuza nyama akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu mkubwa, na alikuja pale asubuhi akiwa na nia mbaya, lakini aliutazama uso ule wa kijana wa suti na roho ikamlainika. Akanyanyuka kutoka kwenye godoro lake, akamwendea taratibu, akampa mkono kwa mikono yote miwili, kama anavyopewa mfiwa.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Utazoea."